Asilimia

Tangu juzi jina langu hapa Nungwi ni Asilimia. Wangekuwa watoto peke yao ningenyamaza, maana mtoto ukimtajia babake hukimbia. Lakini baba mwenyewe yuko chini ya ubavu wa jahazi pale ufukweni, anashindilia kalafati, pamba iliyochovywa mafuta, kwenye mwanya wa mbao, na nikipita tu anainua nyundo: "Asilimia! Imefika ngapi leo?" Wenziwe wote wanaacha kugonga. Wageni hulipa watembezwe kusikiliza mlio wa zile nyundo; mie nikipita zinanyamaza bure.

Shemegi yangu ana duka la kuchapisha na kutoa kopi, njia ya kwendea skuli. Mezani pana kompyuta moja, printa moja yenye kukohoa, na kopo la gundi. Usilidharau. Barua ya sheha hupita pale, fomu ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi hupita pale, mitihani ya skuli, kadi za harusi, hata menyu za mikahawa ya ufukweni zenye Kitaliano ambacho Mtaliano mwenyewe hukisoma mara mbili. Kompyuta ile ikilala, nusu ya Nungwi imelala.

Basi mie ndiye niliyeleta barazani habari kwamba Windows 10 inakufa. Sikuzua. Mfumo ule ulitoka tarehe 29 Julai 2015, na mwaka huohuo mfanyakazi mmoja wa Microsoft alisimama mbele ya mkutano akasema hiyo ndiyo Windows ya mwisho. Yaani hakuna nyengine itakayokuja, hii itakuwa ikiongezewa tu. Watu wakapumua. Tarehe 24 Juni 2021 kampuni ikatangaza Windows 11, na tarehe 5 Oktoba ikaitoa. Ile ya kumi ikapangiwa siku yake: 14 Oktoba 2025. Siku hiyo ikipita kompyuta haizimiki, huwaka kama kawaida. Ila tundu la usalama likigunduliwa, hakuna anayekuja kuliziba. Haya niliyaeleza kwa kirefu, na tangu hapo wazee wa baraza wakawa wananiuliza habari za mfumo mpya kila jioni, baada ya bei ya pweza na kabla ya mpira.

Shemegi akaingiwa na hofu. Akapanda gari ya 116 hadi mjini, akarudi na kompyuta ya mkononi iliyokwisha tumika Ulaya, imefutwa vumbi vizuri, imebandikwa karatasi ya kijani: TAYARI KWA MFUMO MPYA. Muuzaji alimwambia asihangaike na lolote. Aiwache na intaneti tu, mfumo utashuka wenyewe.

Tukasubiri ushuke. Kila asubuhi shemegi anafungua duka, anapiga bismillahi, anawasha, anabonyeza pale pa kuangalia masasisho, kisha ananigeukia na uso wa mtu aliyekwenda kuposa akaambiwa arudi wiki ijayo. "Haujashuka." Habari ikaenea. Bi mmoja anayeuza mandazi, ambaye kompyuta inamhusu kwa picha za pasipoti za wajukuu tu, akasimama mlangoni akauliza kama huo mfumo unashuka na mvua au unashuka mkavu.

Ugonjwa huu wa kungoja si wetu peke yetu. Tarehe 24 Agosti 1995 watu wa nchi tajiri walipanga foleni usiku wa manane wakingoja maduka yafunguliwe wainunue Windows 95, na Microsoft ilikuwa imewalipa Rolling Stones ili itumie wimbo wao kwenye matangazo. Iliyokuja kuitwa Vista ilingojwa tangu 2001 kwa jina la Longhorn. Mwaka 2004 wahandisi wakaitupa sehemu kubwa ya kazi wakaanza upya, ikatoka Januari 2007, na wengi walioipata wakarudi zao kwenye XP. Mwaka huo wa 2004 sisi tulikuwa na ngojea yetu, na hiyo angalau ilizaa: mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Sweden iitwayo IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi yenye menyu za Kiswahili, bure. Nasema hili kwa sababu barazani wanadhani kila ninachokingojea hakiji.

Asubuhi moja mfumo ukajibu. Ulijibu kwa sentensi moja: kompyuta hii haikidhi masharti.

Shemegi akampigia muuzaji. Simu ikaita mpaka ikajichokea. Akapiga kwa simu yangu. Ikapokewa, "Halo, karibu," na aliposema anatoka Nungwi ikakatika.

Masharti yenyewe nikayasoma usiku, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ni mambo ya ajabu kweli. La kwanza ni prosesa. Kwa zile za Intel, kwa jumla, wanataka kizazi cha nane kwenda juu, na kizazi cha nane kilianza kutoka mwaka 2017. Ya shemegi ni ya sita. La pili ni kichipu kiitwacho TPM, toleo la 2.0, na hiki ndicho kilichoninyima usingizi. Kompyuta ikiwashwa, kila kipande cha programu, kabla hakijakipisha kinachofuata, hukipima kwanza: hukisaga kwa hesabu, ikatoka namba ndefu, na namba hiyo hupelekwa kwa TPM. Sasa TPM haiifuti ya zamani ikaandika mpya. Inaichukua iliyokuwa nayo, inaiunga na hiyo iliyoletwa, inazisaga zote mbili pamoja, na jibu ndilo linalobaki. Hakuna amri ya kuiambia "weka namba hii". Kuna amri ya kuongeza tu. Ni ukili: ukikosea ukindu wa mwanzo huwezi kuurekebisha umefika mwisho, utafumua wote, na kufumua kwenyewe hapa ni kuizima mashine na kuanza upya. Kwa hiyo mhalifu akibadilisha kitu kidogo kabisa mwanzoni, namba ya mwisho hutoka nyengine, na TPM hukataa kutoa ufunguo wa diski. Haina hasira, haibishani, haihongeki. Ningeipenda iwe mkusanya nauli.

Nilimweleza shemegi haya mpaka akasahau kuwa amepoteza pesa. Halafu akakumbuka.

"Sasa yangu haina hicho kichipu?"

"Inacho. Prosesa ndiyo ya zamani."

"Kwa hiyo mlinzi wamemkubali, nyumba wameikataa."

Akatokea kijana wa Kendwa, fundi wa simu, na flashi mfukoni. Akasema ipo programu ya bure iitwayo Rufus, ambayo hutengeneza flashi ya kusimikia mfumo na humo humo huyaondoa yale masharti. Ni kweli ipo. Tukapanga Jumamosi, saa tatu asubuhi, wateja wakiwa wachache.

Wateja hawakuwa wachache. Mwalimu amekuja na mtihani wa Jumatatu. Nahodha anataka orodha ya wageni wake wa Mnemba. Bi wa mandazi ana mjukuu na shati jeupe la picha. Na katikati yao yupo Mtaliano mmoja, mtu mzima, kaptula na kandambili, anataka kuchapisha tiketi ya ndege. Nikawaambia: nusu saa. Kijana akachomeka flashi, akaanzisha usimikaji kutoka ndani ya Windows 10, mashine ikazima, ikawaka, kikatokea kiduara kinachozunguka, na chini yake asilimia, na chini ya asilimia onyo la kutoizima kompyuta.

Mwanzo ilikimbia. Kumi. Ishirini na tatu. Mtoto mmoja mwenye sauti akajipa kazi ya kuchungulia ndani na kutangaza nje, na kwa kila tangazo kundi likaongezeka. Ilipofika arubaini, mafundi wa vyombo waliotoka kunywa chai wakasimama mlangoni na vikombe vyao. Hamsini na tano: mtu akaweka dau la kahawa kwamba itamaliza kabla ya adhuhuri. Sitini na moja.

Sitini na moja.

Sitini na moja.

Robo saa ya kwanza niliwatuliza watu kwa elimu. Asilimia ile, niliwaambia, haipimi wakati. Inapima hatua zilizokwisha, na hatua hazilingani. Kusimika mfumo mpya juu ya wa zamani kuna ngwe nne. Ya kwanza hufanywa mfumo wa zamani ukiwa macho: huandaliwa faili za mgeni pembeni, mwenyewe anaendelea na shughuli zake. Ya pili, kompyuta hujizima na kuamkia kwenye kimfumo kidogo cha muda, ili yule wa zamani awe amelala fofofo; ndipo hubebwa na kila alichonacho, akatiwa kwenye folda iitwayo Windows.old, na mpya akalazwa pale alipokuwa yeye. Ya tatu, mpya huamka kwa mara ya kwanza na kuanza kutambulishwa kwa vifaa, kimoja kimoja: kioo, kipaza sauti, kamera. Ya nne huletewa mali za mwenye nyumba: picha, nywila, mpangilio wa meza. Kunakili faili elfu moja ndogo na kukisubiri kifaa kimoja kibishi kiitike, vyote viwili vinaweza kuhesabiwa asilimia moja. Kile cha kwanza ni sekunde. Cha pili ni kadri Mungu atakavyojaalia.

Wala watu hawaihitaji iwe ya kweli. Mwaka 1985 Brad Myers, akiwa Chuo Kikuu cha Toronto, aliandika juu ya vipimo hivi vya asilimia, akaonyesha kwamba watu hupendelea kuwa navyo kuliko kukaa mbele ya kioo kisichosema kitu. Mwaka 2007 Chris Harrison na wenzake wakawawekea watu mistari ya maendeleo yenye muda sawasawa ila mwendo tofauti: mstari unaoongeza kasi mwishoni huonekana umewahi, unaosita karibu na mwisho huonekana umechelewa, na saa ni ileile. Kwa hiyo yapo maarifa ya kumdanganya mwanaadamu vizuri, yamechapishwa, yanasomeka. Na bado tukaachiwa sitini na moja.

Fundi mmoja wa chombo akanisikiliza mpaka mwisho, akamimina masimbi ya chai, akasema: "Mie nikiulizwa chombo kimefika wapi, nasema bado mbao. Sisemi sitini na moja."

Robo saa ya pili elimu ikaniishia. Mwalimu akawa anaangalia saa kwa namna ya kusikika. Ndipo Mtaliano, aliyekuwa ametafsiriwa kila kitu na vijana wa ufukweni, akauliza kwa nini tunajitesa. Kwao, alisema, Windows 10 imeongezewa mwaka mzima wa viraka vya usalama, na hakulipa kitu.

Nikadhani ananichezea. Hakuwa. Microsoft imetoa muda wa ziada kwa watu binafsi, hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa dunia kwa jumla, unaupata bure ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali mpangilio wa kompyuta yako uhifadhiwe kwao. Hutaki, unatoa pointi zao za zawadi 1,000, au dola 30. Lakini kwa walioko Eneo la Kiuchumi la Ulaya, baada ya vyama vya watumiaji vya huko kuja juu, sharti la kuhifadhi likaondolewa. Akaunti tu inatosha. Dola 30, kwa kopi ya shilingi mia, ni kopi zaidi ya mia saba. Mtaliano huyu, ambaye chumba chake cha usiku mmoja kinanunua kompyuta ya shemegi, ndiye aliyesamehewa.

Na hapo kicheko kilinitoka kidogo. Kompyuta ile ilitoka kwao. Ofisi fulani ya Ulaya iliitoa kwa kuwa haikidhi masharti; ikafutwa vumbi, ikapakiwa melini, ikaja kuuzwa kwetu kama ngazi ya kupandia kwenye mfumo uleule uliosababisha itupwe. Haina ufa. Kibodi nzima, kioo safi, inachapisha barua ya sheha bila kusita. Kilichozeeka ni tarehe, na tarehe haikupangwa na mtu aliyewahi kuulizwa Nungwi wanabadilisha kompyuta baada ya miaka mingapi. Wanasema ni kwa ajili ya usalama wetu. Kichipu nimekisifu hapo juu na nakisifu tena. Lakini usalama ambao tajiri anaupata kwa kupiga kelele, na maskini kwa kulipa au kukabidhi mambo yake, mimi siuiti hisani.

Haya nilikuwa nikimwambia Mtaliano, kwa kidole, ndipo mtoto wa mlangoni akapasua koo: "Sitini na mbiliii!"

Wallahi watu walishangilia. Bi wa mandazi alipiga kigelegele. Nahodha alimkumbatia mwalimu, ambaye hapendi. Na kabla kigelegele hakijakatika, umeme ukakatika.

Betri ya kompyuta iliyotumika haina maelezo marefu: mashine ilizima kabla pangaboi halijamaliza kuzunguka. Kimya. Kila mtu akaniangalia mimi. Hakuna aliyemwangalia kijana wa flashi, ambaye kwanza hakuwapo tena.

Umeme ulirudi baada ya adhuhuri. Mashine ikaamka, ikatafakari, ikasema inarudisha toleo la awali. Na huu ni ufundi mwengine ambao hakuna aliyetaka kuusikia: kwa kuwa yule wa zamani hakuuawa, alihamishiwa Windows.old tu, mambo yakiharibika njiani mpya hutolewa na mwenyeji akarudishwa kitandani kwake, hajui kama aliwahi kubebwa. Ikatokea Windows 10, na picha ya harusi ya shemegi, na printa ikakohoa. Mtihani wa Jumatatu ukachapishwa. Pembeni ikachomoza ile sentensi: kompyuta hii haikidhi masharti. Bi wa mandazi, mjukuu amesinzia begani na shati lake jeupe, akainama akanitazama usoni kwa huruma ya kweli: "Na sasa ni asilimia ngapi, mwanangu?" Waliokuwepo waliisikia. Wasiokuwepo walipelekewa.

Na ngojea zangu za zamani msizifukue. Sina la kuongeza juu ya Windows 7, iliyotoka tarehe 22 Oktoba 2009, ambayo nilipata diski yake Disemba, Unguja nzima ikiingia gizani kwa miezi mitatu. CD za Ubuntu, ambazo hadi 2011 zilikuwa zikitumwa bure kwa posta dunia nzima, zilinifikia toleo jengine limeshatoka. Na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki kuzirai, nilikuwa napakua kitu. Msiniulize kilifika ngapi.

Sasa wameanza kuulizia barazani kama Windows 12 itakuja. Mie nimefunga mdomo. Lakini kwa anayekwenda mjini kununua kompyuta iliyotumika, nasema hivi: karatasi ya kijani usiisome. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, uone kama chini imeandikwa 2.0. Kisha fungua maelezo ya mfumo utazame jina la prosesa: kwenye zile za Intel za Core i3, i5 na i7, namba inayofuata kistari ndiyo inayotaja kizazi. i5-6300U ni ya sita, i5-8250U ni ya nane, na zikianza na 10 au 11 ni za kumi na kumi na moja. Ikiwa ni ya sita, bei yake iwe ya ya sita. Na muuzaji akikwambia lipa kwanza, mfumo utashuka wenyewe, rudi nyumbani na pesa yako.